Mlio wa Maji ya Olow

Basi lilisimama kwenye kizuizi cha daraja la Tana karibu na adhuhuri, na abiria wakashuka kama ilivyokuwa desturi: wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, vitambulisho mkononi. Ilikuwa Machi 1997. Mvua ya vuli haikunyesha, na mto ulikuwa umepungua hadi mchanga ukaonekana katikati.

Kowsar Ogle alishuka wa mwisho. Alibeba sanduku la mbao ambalo tangu Nairobi hakutaka mtu mwingine aliguse. Alivaa gauni pana la dirac la rangi ya ndizi mbivu, shali nyeusi, na miwani iliyomfanya aonekane mkali kuliko alivyokuwa. Askari kijana aligonga sanduku kwa kidole.

"Hii ni nini, mama?"

"Mashine ya kuhesabu mionzi."

"Fungua. Na uiwashe."

Aliiwasha. Tik. Kimya kidogo. Tik, tik. Watu walirudi nyuma. Mwanamke mmoja akaanza kuomba kwa sauti.

"Inahesabu nini sasa?" askari akauliza, naye amerudi nyuma.

"Kila kitu. Mchanga, hewa, wewe."

"Mimi?"

"Afande," sauti ikatoka kwenye foleni ya wanaume, "akimaliza na wewe, nami anihesabu. Nimechoka kuonyesha kipande."

Watu wakacheka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kaki lenye madoa ya grisi, na begi la vipuri begani. Alinyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya bomba la mashine kwa mzaha, na mashine ikabadilika: tik za tone moja moja zikawa mvua juu ya bati. Mzaha ukamwisha.

"Ni saa yako," Kowsar alisema, akiinama kuitazama. "Ya zamani, sivyo? Namba zake zimepakwa radiamu ndiyo zing'ae gizani."

"Ni ya marehemu baba. Alikuwa jeshini. Kwa hivyo mimi ni hatari?"

"Saa ndiyo hatari, ukiifungua kioo. Usiifungue."

"Sawa, daktari."

"Mimi si daktari."

"Basi nani?"

"Mtu anayetaka kurudi kwenye basi."

Askari alipunga mkono, nendeni, nendeni. Ndani ya basi kijana yule alibadilishana kiti na mzee mmoja bila aibu yoyote, akaketi upande wa pili wa njia. Aliitwa Guled Warsame. Alikuwa Msomali wa Isiolo, na Kiswahili chake kilitiririka kuliko Kisomali chake.

"Umeleta mashine hiyo kwa kazi gani?" aliuliza.

"Nimetumwa na maabara yetu kupima visima. Kimoja hasa. Kisima cha Olow."

Guled aliacha kutabasamu. "Unakijua?" Kowsar akauliza.

"Mimi ndiye mwenye mashine yake. Hizi nilizobeba ni pete za pistoni za injini ya Olow."

Hakukuwa na mtu wa Garissa asiyejua habari za Olow. Kisima hicho kilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Hulugho. Miaka tisa nyuma wageni waliotafuta mafuta walichimba pale, wakakosa mafuta, wakapata maji, wakafunika shimo na kuondoka. Baadaye idara ya maji iliweka pampu. Lakini ukame ulipokuja na mifugo ikaanza kufa, uvumi ulikuja pamoja nao: wale wageni walizika mapipa ya sumu ya atomiki. Uvumi ulifika Nairobi. Maabara ikamtuma Kowsar, kwa sababu alikuwa mwanafizikia na kwa sababu alizaliwa Garissa.

Kowsar hakuamini uvumi, wala hakuukataa. Alikuja kuhesabu.

*

Alifikia kwa shangazi yake, Eedo Shamis, mwenye hoteli nyuma ya soko. Hoteli ile ilikuwa na meza sita, harufu ya hiliki na ubani, na simu nyekundu ya mezani ambayo Shamis aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyofuta meza. Chumba cha nyuma, palipowekwa magunia ya unga, kikawa maabara.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kiini cha atomi nzito kisichoweza kutulia hurusha elektroni moja kwa kasi na kugeuka kuwa kitu kingine. Hiyo ndiyo mionzi ya beta. Elektroni ikipita kwenye dirisha jembamba la bomba, mashine hulia. Mlio mmoja, atomi moja. Kowsar alimimina maji kidogo kwenye kisahani cha chuma, akayakausha juu ya jiko la makaa, akakiweka kisahani chini ya bomba na kusikiliza. Aliipenda kazi hii kwa kuwa haikuwa na maoni.

Simu ilianza kulia siku ya pili.

"Halo, hoteli ya Shamis."

"Assalamu aleykum, Eedo. Kowsar yuko?"

"Wewe nani?"

"Mtu wa maji."

"Maji gani haya yanapiga simu asubuhi na jioni?" Shamis alisema, akafunika simu kwa kiganja bila kupunguza sauti. "Kowsar! Maji yako yako hapa, yanataka kukusalimu!"

Kowsar alitoka na unga kwenye mkono wa koti jeupe. "Guled, nina kazi."

"Najua. Nimepiga kukuuliza kama umekula."

"Nimekula."

"Nini?"

"Anjera."

"Na nini?"

"Na maswali yako."

Alimsikia akicheka katika kibanda cha simu cha posta, na nyuma yake watu wakilalamika foleni isonge. "Macaaney," alisema Guled, akimwita mtamu kwa Kisomali cha matamshi mabaya kabisa.

"Hicho Kisomali chako kina mashimo."

"Ndiyo maana nakuongelesha Kiswahili. Huku sina shimo. Roho yangu, kesho nakuja mjini kuchukua dizeli. Nitakunywa chai hapo kwenu. Utatoka kwenye hayo magunia?"

"Nikimaliza kuhesabu."

"Hesabu haraka."

Alikuja, na akaja tena. Akija mjini alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kikoi cha miraba ya buluu, nywele zimelowa maji, na bado chini ya kucha zake kulikuwa na mstari mweusi wa grisi. Walikaa meza ya mlangoni, mahali ambapo mji mzima uliwaona, kwa sababu Shamis hakuruhusu meza nyingine. Alimweleza Kowsar jinsi anavyojua kwa sikio injini inayotaka kuharibika. Kowsar akamweleza jinsi visima vyote alivyopima hadi sasa vilivyo kimya, kimya kama maji ya mto. Kilichobaki ni Olow.

"Nimeyanywa hayo maji miaka miwili," Guled alisema.

"Hilo si kipimo."

"Kwa mama yangu lingetosha."

"Mama yako hatumwi na serikali."

"Alhamdulillahi kwa hilo," alisema Guled, na Kowsar, aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi, akacheka hadi akavua miwani.

*

Alichota maji ya Olow mwenyewe, kwenye mdomo wa bomba, chupa tatu zilizojaa hadi kizibo. Saa moja baadaye alikuwa chumba cha nyuma. Makaa yalikuwa mekundu, upepo mkavu uliingia dirishani, na kisahani kilikauka kabla chai yake haijapoa. Akakiweka chini ya bomba.

Mashine ililia kama ilivyolia kwenye saa ya Guled pale darajani.

Alizima. Akawasha. Akaosha mikono, akachukua chupa ya pili, kisahani kipya, akakausha upya. Mlio ule ule: karibu mara nane ya kawaida. Mtu aliyefundishwa vizuri hurudia kipimo, naye alikirudia mara ya tatu, kwa kisahani kilichokaushwa papo hapo. Mara nane. Aliandika namba zote tatu daftarini, akatoka.

Kwenye meza ya mlangoni alikuwapo Maalim Gelle, mwenyekiti wa kamati ya kisima, mzee mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina. Kowsar hakumwambia kitu, lakini uso wake ulitosha.

"Ni mapipa," mzee alisema polepole.

"Sijui ni nini, Maalim. Najua kuna kitu."

"Basi muulize Guled. Yeye alikuwa nao."

"Na nani?"

"Na hao wachimbaji. Alikuwa fundi wao. Kijana mdogo sana wakati huo, lakini tunamkumbuka. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Alisema tu kwamba alikuja Garissa mwaka juzi. Kowsar alikwenda kwenye simu nyekundu, akaomba kuunganishwa na Nairobi, na akampata mkuu wake, Bwana Mureithi.

"Una uhakika?" Mureithi aliuliza.

"Nimepima mara tatu."

"Vizuri. Nitaongea na wakubwa. Kisima kifungwe leo."

Kabla ya magharibi mnyororo ulikuwa umezungushwa kwenye pampu ya Olow, na mtu aliyeamriwa kuufunga kufuli alikuwa Guled mwenyewe. Kesho yake mifugo iliyotembea siku kadhaa kutoka upande wa Hulugho ilifika pale, ikasimama mbele ya mabirika makavu na kulia. Wachungaji waligeuka kuelekea mtoni Tana. Kila mtu alijua kwamba ngamia watafika, na kwamba ng'ombe wengi hawatafika.

*

Guled aliingia hotelini adhuhuri ya siku hiyo na vumbi hadi kwenye nyusi. Kowsar alikuwa ndio kwanza amekausha kisahani kutoka mabaki ya chupa ya pili na kukiweka chini ya bomba. Alitoka nje kumlaki, na mlio wa mashine ukamfuata mlangoni.

"Ungeniambia," Guled alisema. "Usingeniacha nisikie kwa askari."

"Na wewe ungeniambia. Ulifanya kazi na wachimbaji?"

"Nilifanya."

"Hukusema."

"Kila ninaposema, watu huniuliza mapipa yako wapi. Nilitaka kukaa na mtu mmoja asiyeniuliza."

"Nakuuliza mimi sasa. Mlizika nini pale?"

Shamis, aliyekuwa akimimina chai, aliacha kumimina. Guled alijifuta vumbi usoni.

"Tulizika ncha ya mtambo iliyovunjika, na viatu vya mpishi vilivyonuka. Umetosheka?"

"Guled, mashine haidanganyi."

"Sikusema inadanganya. Nasema umenisimamisha hapa kama mwizi wa mbuzi. Kumbe baada ya chai zote hizo hujanijua hata kidogo." Alitoa pumzi. "Kama maji hayo yana sumu, Kowsar, mtu aliyeyanywa kuliko wote ni mimi. Hukuuliza hilo. Umeuliza nilizika nini."

Akaondoka. Kowsar alibaki amesimama. Alikuwa ameliwaza hilo usiku kucha; hakuwaza kitu kingine. Lakini hakulisema, na jambo lisilosemwa halihesabiwi.

Alikaa meza ya mlangoni hadi chai ikaota ngozi. Watu walikula, wakalipa, wakaenda kusali, wakarudi. Hatimaye Shamis akasema, kwa upole wa mtu mwenye haraka, "Naa, Kowsar, nataka unga. Zima hicho kidude chako, kimeshanyamaza chenyewe."

"Hakiwezi kunyamaza, Eedo."

"Nenda ukasikilize."

Alikwenda. Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya.

Wazo la kwanza lilikuwa betri. Alichukua kutoka sandukuni kipande kidogo chenye mionzi cha kujaribia mashine, akakiweka chini ya bomba. Mashine ikalia inavyotakiwa. Akarudisha kisahani cha Olow. Tik. Kimya. Hakikuwa na tofauti na maji ya mto.

Alifungua chupa ya tatu, ambayo bado ilikuwa imejaa nusu na kuzibwa vizuri. Akakausha, akaweka, na mlio ukarudi kwa nguvu zake zote. Safari hii hakuondoka. Alisubiri, akahesabu tena. Ulikuwa umepungua. Akasubiri zaidi. Zaidi kidogo ya nusu saa, na nusu ya mlio ilikuwa imekwenda. Ilipoadhiniwa magharibi, kilichobaki kilikuwa tone, tone, na Kowsar alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya shali akilia, akiwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa mbele ya kipimo chochote.

Mambo yalikuwa hivi. Chini sana ya Olow kuna mwamba wenye urani kidogo, kama miamba mingi ya dunia. Urani, kwa ngazi ndefu, huzaa gesi iitwayo radoni, na gesi huyeyuka katika maji. Radoni nayo huzaa risasi na bismathi za aina isiyodumu, atomi nzito ambazo nusu yake humalizika kwa dakika ishirini au thelathini. Maji yakikauka juu ya jiko, gesi huruka. Watoto wake hubaki kisahanini, hupiga kelele, kisha hufa. Taka za nyuklia hazifanyi hivyo. Hizo hulia leo, na kesho, na mwakani.

Kule Nairobi visahani vilikaushwa kwenye tanuri la zamani jioni na kuhesabiwa asubuhi. Hakuna aliyewahi kumwambia Kowsar kwamba ule usiku nao ulikuwa ukifanya kazi. Alidhani ni uvivu wa tanuri. Garissa, kwa makaa na upepo ule, kila kitu kilikauka upesi mno, na kila aliporudia kipimo alikirudia papo hapo, kisahani kikiwa bado na joto la jiko. Alikuwa amelirudia kosa lake mara tatu kwa uangalifu mkubwa.

"Bwana Mureithi," alisema simuni, "nilikosea."

Simu ilikwaruza. "Kiasi gani?"

"Kabisa. Ni radoni. Nimefuatilia mlio ukifa mbele yangu."

"Kowsar, nimeshamwamsha kila mkubwa wa nchi hii."

"Naomba radhi."

"Usiniombe radhi. Naomba niketi kwanza." Kiti kikalia, kisha sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Asante Mungu. Lakini hawatafungua kwa neno lako tu. Rudia, kwa maji mapya, mbele ya watu."

Kwa maji mapya ilibidi pampu iwashwe. Na ufunguo ulikuwa kwa Guled.

*

Alimpata asubuhi katika uwanja wa malori, nyuma ya soko la mifugo. Lori la mbuzi la kwenda Isiolo lilikuwa limeshawashwa, na Guled alikuwa juu, ameketi kwenye nguzo za pembeni pamoja na wafanyabiashara wawili, begi magotini. Dereva alimwona Kowsar akija mbio, dirac imeshikwa mkono mmoja.

"Abayo, dada yangu, unatafuta mbuzi au mtu?"

"Mtu."

"Mbuzi hawana kisirani. Chukua mbuzi."

"Guled! Shuka!"

"Nani anasema?" Guled alijibu bila kugeuka. "Serikali?"

"Mimi. Nimekosea."

"Sisikii. Mbuzi wanalia."

"Umesikia!"

"Wallahi sijasikia. Sema tena."

Kowsar alikanyaga gurudumu la lori, akapanda, akashika ubao, na uso wake ukawa sawa na magoti ya Guled, katikati ya pembe za mbuzi. "Nimekosea!" alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza miraa. "Maji ya Olow hayana sumu! Hakuna mapipa!"

Uwanja mzima uligeuka. Dereva akazima injini ili asipitwe.

"Na mimi?" Guled aliuliza taratibu.

"Wewe ndiye niliyekukosea zaidi. Maji angalau niliyahesabu. Wewe nilikuhukumu bila kuhesabu chochote." Alipumua. "Na usiku ule sikulala. Nilikuwa nikiwaza umekunywa kiasi gani, na itachukua muda gani. Hilo ndilo nilitaka kukuuliza. Likatoka lile jingine."

Guled alimtazama. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna ncha ya shali ya Kowsar, naye Kowsar hakuwa na habari.

"Kwa hivyo sifi?"

"Utakufa. Lakini si kwa maji."

"Waryaa, shuka!" dereva akapiga kelele. "Nauli yako nimeisamehe, na aibu yangu nani ataisamehe? Mwanamke amepanda lori!"

Guled akashuka.

Walikwenda Olow pamoja na Maalim Gelle, kamati yake, na ofisa mmoja wa maji aliyekunja uso njia nzima. Guled alifungua kufuli. Injini ilikohoa, ikakubali, na maji yakaja. Hakuna aliyeyagusa. Kowsar alikausha kisahani juu ya jiko la makaa kwenye kivuli cha tangi, akaweka mashine katikati ya mduara wa watu, akasema wazi, bila kupunguza, kwamba kosa lilikuwa lake, wala Guled hakuzika kitu ila chuma na viatu.

"Sikilizeni," alisema. "Kama ni taka, sauti hii haitabadilika hadi tuzeeke. Kama ni mwamba tu, mtaisikia ikifa."

Maalim Gelle alitoa tasbihi yake. "Nitahesabu mwenyewe," alisema. Alijaribu kuvuta punje moja kwa kila mlio, na vidole vyake vikashindwa, mashine ilimkimbia. Watu wakatazamana. Saa ikapita. Alijaribu tena, akakaribia. Wakasali adhuhuri kwenye mchanga, wakanywa chai iliyoletwa na Shamis kutoka mjini, ya maji ya mto. Guled hakuondoka kando ya Kowsar. Alimsogezea mwavuli jua lilipohama.

Alasiri ilipokaribia, Maalim alichukua tasbihi kwa mara ya mwisho. Punje moja. Akangoja. Punje moja. Akawa na nafasi ya kuvuta pumzi na kukuna ndevu kati ya punje na punje. Mzee alitazama juu, macho yamelowa.

"Imekufa," alisema.

"Imekufa," Kowsar akaitikia, kisha akachukua kikombe cha bati, akakinga chini ya bomba, akanywa chote mbele yao.

Kelele zilizofuata ziliwatimua ngamia wa wachungaji waliokuwa wamefika asubuhi ile. Mtu alimkumbatia yule ofisa aliyekunja uso. Wachungaji walifungua vizuizi, na kwa muda mrefu hakukuwa na sauti nyingine ila ya maji na makoo yanayomeza.

"Kuna jambo moja," Kowsar alimwambia Guled, wamesimama mlangoni pa chumba cha mashine. Ndani aliona godoro, taa ya chemli, kioo kidogo. "Unalala humu?"

"Miaka miwili."

"Usilale tena. Gesi ile hukusanyika mahali pasipo na hewa. Maji yaachwe yamwagike wazi kabla ya kuingia tangini, na mlango huu ukae wazi. Hilo nitaliandika."

"Na mimi nilale wapi?"

"Hilo siliandiki."

"Kowsar."

"Nakusikia."

"Nitume wazee kwa nani?"

Aliweka miwani sawa, ingawa ilikuwa sawa. "Kwa baba yangu. Yuko Hulugho na ngamia wake. Na Kisomali chako kisiseme chochote. Mwache Maalim aongee."

*

Hulugho hakukuwa na simu. Kulikuwa na taar, redio ya masafa marefu, na Garissa taar ilikuwa kwenye duka la Khadro, mkimbizi kutoka Kismayu aliyekuwa na ruhusa ya kutoka kambini Dadaab na sauti ya kuamrisha jeshi. Kasoro ya taar ilikuwa moja. Aliyesema Garissa alisikiwa na kila mwenye redio hadi Mandera.

Alhamisi baada ya alasiri duka lilijaa. Khadro aliita Hulugho mara kadhaa, hatimaye sauti ya Mzee Ogle ikaja kutoka katikati ya mkwaruzo, kana kwamba anaongea akiwa ndani ya mtungi.

Maalim Gelle alimsalimu, akauliza habari za ngamia, za watu, za malisho, za ngamia tena. Kisha akaeleza lililomleta. Kijana ni Guled Warsame, watu wake ni wa Isiolo, anasali, hatafuni sana miraa, na ndiye mwenye mashine ya Olow. Akamaliza kwa neno la redio la kumpa mwenzake zamu: Ova.

"Olow ile iliyosemwa ina sumu?" mzee aliuliza. Ova.

"Haina sumu. Imepimwa." Ova.

"Na nani?"

Maalim alimtazama Kowsar. "Na binti yako. Nami nimehesabu kwa tasbihi yangu."

Mkwaruzo mrefu. Guled alisogea hadi sikio likakaribia kugusa redio. Shamis alimsukuma Khadro ili asikie vizuri. Khadro naye akamsukuma Shamis.

"Ngamia wangu walikuwa njiani kwenda Tana," sauti ilisema hatimaye. "Ndama wao wasingefika. Jana nimepata habari Olow imefunguliwa, nimewageuza. Mwambie kijana awanyweshe kwanza, mahari tutaongea nikija. Lakini mimi simuozi mtu kwa redio bila kumsikia. Kowsar yuko hapo? Ova."

Khadro alimpa kipaza sauti. Kowsar alibonyeza kitufe. Alikuwa mtu wa kurudia kila kitu mara tatu kabla ya kusema, na safari hii alisema mara moja.

"Nipo, Aabo. Namtaka. Ova."

Aliachia kitufe. Redio ilikwaruza, na kabla baba yake hajajibu sauti ya mwanaume mwingine, mgeni kabisa, ikaingia kutoka mbali.

"Mashallah! Hapa Mandera tumesikia. Hongereni. Na mzee wa Hulugho, jibu basi, tumesimama hapa watu kumi na chai inapoa. Ova."

"Nimekubali," Mzee Ogle alisema. "Haya, tokeni kwenye masafa yangu."